Korongo wa Boksi la Maziwa

Desemba ya Liepāja haina subira:
saa kumi alasiri jua limeshafunga duka,
na upepo wa Baltiki unabisha dirishani
kama mdai aliyekosa haya.

Umeme upo. Ni sisi tuliouzima.
Ralfs alitaka giza, na giza huku ni la bure,
la kumwaga.

Mezani: boksi la maziwa, limesuuzwa,
wavu mwekundu wa vitunguu,
kopo la dagaa wa moshi, kikwaruzo cha jibini,
na tochi ya baiskeli ya marehemu, imefungwa plasta kiunoni.

"Nikate nini, Bibi?"
"Kata unachokijua."
Akakata korongo, yule wa juu ya nguzo ya shangazi yake,
ulimi nje, mkasi ukilalamika.
Alipomchomoa, kwa pupa, miguu ikakatika.
Ukutani kikatokea kiatu.
Kiatu chenye mdomo.

Tulicheka mpaka Zenta wa ghorofa ya chini akagonga bomba.

Ndipo tukaanza uchokozi.
Tochi karibu: kiatu kinavimba, kingo zinalegea, zinakuwa ukungu.
Tochi mbali: kinanywea, kinapata makali.
Mgeuze ubavu: mstari. Mstari tu,
kama mtu aliyefutwa kwenye daftari la kodi.
Mpinde bawa kwa kidole, haya, ruka!
Akaruka juu ya jokofu,
akapita kalenda ya duka la dawa,
akavunjika shingo penye kona ya dari,
nusu ukutani, nusu darini,
na hakusimama.

Miaka thelathini na mmoja nilikaa kwenye mkanda wa kiwanda cha sukari
nikihesabu pakiti.
Sikuwahi kuuliza pakiti ina kivuli gani.

Wavu ulitupa magamba chumba kizima, hata usoni mwangu.
Kikwaruzo kilitupa nyota, lakini nyota za paredi,
mstari kwa mstari, hakuna iliyochelewa.
Kopo lilikataa katakata. Lilirudisha mwanga machoni mwetu
likatuonyesha mlango.

Nikakusanya takataka.
"Hilo usitupe!"
Lilikuwa boksi lenyewe, lenye tundu alimotoka ndege.
Akaliweka mbele ya tochi,
na pazia likapata korongo wa nuru, mzima,
amesimama kwa mguu mmoja.
Miguu tuliivunja sisi. Tundu lilikuwa bado nayo.

Sijui ni nini kilinituma kwenye droo.
Chini ya risiti za gesi ipo picha ya kifua cha Gunvaldis,
ya hospitali, ya ule mwaka.
Nikaishika juu ya mwanga kama ninavyoshika yai kulikagua.
Mbavu zikawaka darini.
Mapafu yakabaki meusi,
na lile doa ambalo daktari aliligusa kwa ncha ya kalamu
bila kuniangalia
likawa mwezi mdogo.

"Ngazi?" Ralfs akauliza.
"Babu yako."

Akatazama hadi shingo ikachoka.
Hakumwahi; alizaliwa majira ya kuchipua yaliyofuata.
Kisha akaomba. Mnajua alichoomba,
mkasi ulikuwa tayari mkononi.

Birika lilichemka, likanyamaza lenyewe.
Nilifikiria kabati, droo, risiti,
miaka mingine saba ya kumlaza humo, ubapa, gizani.
"Anzia hapa," nikasema, "chini ya ubavu wa nne.
Mwezi uache."

Alikata polepole kuliko alivyokata kitu chochote,
na safari hii alipochomoa
hakuvuta, alisubiri kiachie.

Alichokata hatujaafikiana.
Yeye anasema treni.
Mimi naona kola ya shati la Jumapili,
upande ule uliokuwa haukubali pasi.
"Treni, Bibi, angalia magurudumu!"
"Vifungo hivyo."

Betri ilikuwa imeanza kuwa ya njano.
Tukaendelea kubishana, haraka haraka.